Geji ilikuwa kifuani mwangu, sawa. Lakini mpango wa mbizi ulikuwa wa nani?

JaUsoma (mleta uzi)

Wadau, salamu kutoka Kisumu. Uzi huu ni mrefu, asiye na muda apite salama tutaonana kwenye nyuzi za Gor.

Mimi ni mhasibu wa sacco, mtoto wa ziwani, lakini mbizi, hizi za kuzamia na mtungi wa hewa, nilijifunzia baharini. Nina cheti cha kwanza cha PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, kile kinachokuruhusu kushuka hadi mita 18. Nilikipata miaka miwili iliyopita baada ya semina ya kazini Mombasa. Nacheka kila nikikumbuka jinsi mama alivyosema, "Umetoka ziwani ukalipa pesa kufundishwa kuingia majini?" Lakini yeye mwenyewe anajua kwamba huku kwetu kuoga ziwani si kuogelea. Nusu ya niliosoma nao wanaishi mita mia tatu kutoka majini na hawawezi kuelea.

Basi mwezi jana nilikuwa Pwani na wenzangu wawili wasiozamia. Nikawaacha ufukweni, nikaingia kwenye kampuni moja, sitaitaja, nikalipia mbizi mbili za asubuhi. Kijana wa mapokezi akaniuliza, "Una cheti?" Nikasema ninacho. Hakuomba kukiona. Nikapewa karatasi tatu za Kiingereza, nikazitia sahihi juu ya paja langu nyuma ya pikapu tukielekea kwenye boti. Hakuna aliyeniuliza mara ya mwisho nilizamia lini. Jibu lingekuwa miezi 14. Mimi pia sikusema. Mwongozaji aliponiuliza, "Uko sawa kaka?" nilijibu kwa lile neno letu wanaume: "Nimezoea."

Tulikuwa sita chini ya mwongozaji mmoja. Mwenza wangu alikuwa mtalii niliyekutana naye dakika kumi kabla, hata jina lake sikulishika. Maelezo kwenye boti yalikuwa mafupi: tunashuka, tunafuata ukuta wa matumbawe, kuna kasa mkubwa anayelala pale, dakika 40, tunapanda. Kina hakikutajwa. Mtungi wangu ulikuwa wa lita 12, geji inayoonyesha hewa iliyobaki ikisoma baa 190. (Wa Kondele tulieni, ni kipimo cha mgandamizo, si baa zenu.)

Nilipoangalia kompyuta ya mkononi, ile ya mbizi inayovaliwa kama saa, tulikuwa mita 25. Nikajua nimepita cheti changu, lakini wenzangu wanakwenda, maji ni safi kama kioo, nikafuata. Dakika ya 17 geji ilisoma 80. Dakika ya 19, 70. Hapa ndipo nataka kuwa mkweli kabisa, kwa sababu ndipo kosa langu lilipo. Niliona ile sindano. Niliisoma vizuri. Na sikumwonyesha mtu. Kasa alikuwa amepatikana, wale watu walikuwa wametoka mbali na kamera zao, na mimi Mwafrika pekee kundini ndiye niwe wa kwanza kuishiwa? Nikajaribu kuvuta hewa kidogo kidogo, jambo ambalo halisaidii, linakuzidishia tu hofu, na hofu ndiyo inayokula hewa.

Baa 45 nikakunja ngumi nikaiweka kifuani, ishara ya kwamba hewa iko chini. Mwongozaji akaniona. Akanionyesha duara la vidole, sawa, kisha kiganja: ngoja. Akageuka kumalizia kupiga picha watu na kasa. Sijui alielewa nini. Kwenye baa 25 kidomo cha kuvutia hewa kilianza kuwa kizito, kama kunyonya uji wa wimbi kwa mrija. Nikaogelea moja kwa moja nikamshika bega, nikachukua lile bomba lake la akiba la njano, nikaweka mdomoni. Tukapanda tukiwa tumeshikana mikanda, kundi zima nyuma yetu. Kwenye mita 5, pale pa kusimama dakika 3 kwa usalama kabla ya kutoka majini, tulisimama labda moja.

Kwenye boti hakupaza sauti. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma: "Kaka, geji iko kifuani mwako. Mimi nina watu sita, siwezi kusoma geji sita. Na karatasi ulitia sahihi."

Sikujibu. Nilikuwa natetemeka, nikanywa chai ya tangawizi, na baada ya saa moja nikaingia mbizi ya pili, mita 14, kwa sababu nilikuwa nimeilipia. Jioni saa moja nikapanda basi la Kisumu.

Usiku huo tukiwa tunapanda Limuru bega la kushoto lilianza kuuma kwa ndani, kama jino. Nikadhani ni begi. Tulipofika Mau Summit alfajiri sikuweza kuinua mkono kufungua dirisha, na vidole viwili vilikuwa na ganzi. Tukateremka Kericho, tukaingia Awasi, maumivu yakapungua. Nilipofika nyumbani yalikuwa yamebaki kidogo tu, nikalala, nikaenda kazini Jumatatu.

Swali langu. Najua nilikosea. Lakini lile jibu la "geji iko kifuani mwako" limenikaa kooni wiki tatu. Je, ndilo jibu lote?

---

KifarangaWaKondele

Omera, wewe ulilipa pesa ukakimbizane na kasa mita 25? Kasa mwenyewe hakukuita. Samaki si tunawapata hapa ufukweni Kisumu, wamekaangwa, wala hawahitaji mtungi.

Lakini pole ndugu yangu. Hilo la uji kwa mrija limenikosesha usingizi.

---

MzeeKijanaMaseno

Mimi nitasema lisilopendwa. Wewe ni mtu mzima. Umesoma, una cheti, unajua mita 18 ni 18. Uliona 25 ukaendelea. Uliona 70 ukanyamaza. Sasa unamtafuta wa kumlaumu? Dereva wa matatu akienda kasi na wewe umekaa kimya na mkanda hujafunga, mkianguka utasemaje? Tumezoea kukabidhi roho zetu kwa watu tusiowajua halafu tukinusurika tunaandika nyuzi.

---

JaUsoma

Mzee, mkanda sikufunga, nimekubali aya nzima. Ila hata kwenye matatu, abiria asiyefunga mkanda hamfutii dereva kosa lake la kwenda kasi. Yote mawili yapo kwenye gari moja.

---

Nahodha_Mdogo

Nimeingia kwa sababu huu ndio mkate wangu. Naongoza mbizi Pwani ya Kusini mwaka wa tisa sasa. Nitamtetea mwenzangu pale anapostahili, pale asipostahili sitaweza.

Kwanza hili la geji sita. Ni kweli siwezi kusoma geji sita kwa wakati mmoja. Lakini naweza kuuliza. Ishara ya kuuliza hewa ni vidole viwili juu ya kiganja, mteja anajibu kwa vidole. Mimi nauliza dakika ya tano, ya kumi, halafu kila baada ya dakika chache, na naanza na yule niliyemwona anapumua kama amepanda ngazi. Dakika tano za mwanzo zinaniambia kila kitu: anayepiga mikono, anayepanda na kushuka, anayeshika jaketi lake la hewa kila saa. Huyo hewa yake itaisha kwanza, na mbizi ya leo ni ya kwake, urefu wake utapimwa kwa mtungi wake. Asiyetaka hivyo nampa mwongozaji wa pili au namwambia kabla ya kushuka.

Pili, hesabu. Mhasibu utaipenda. Juu majini tuseme unatumia lita 22 za hewa kwa dakika, kawaida kwa mtu mwenye mwili na ambaye hajazamia miezi 14. Kila mita 10 za maji ya bahari zinaongeza mgandamizo mmoja kama ule wa hewa ya juu. Kwa hiyo mita 25 uko chini ya migandamizo 3.5, na kila pumzi inabeba hewa mara 3.5. 22 mara 3.5 ni lita 77 kwa dakika. Mtungi wa lita 12 kwenye baa 190 una lita 2,280. Ukitaka kuanza kupanda na baa 50, una lita 1,680 za kutumia. Gawanya. Ni dakika 22 hivi, na hapo sijahesabu kushuka wala woga.

Mwenzangu alitangaza dakika 40 kwenye boti. Mpango huo ulikuwa umekufa kabla hamjaruka majini, na wa kuliona hilo alikuwa yeye.

Tatu, na hapa wengi wa kwetu wananikasirikia. Hiyo baa 50 inayosemwa kila mahali ni ya kufika juu ya maji, si ya kuanzia kupanda kutoka mita 25. Chukua watu wawili kwenye mtungi mmoja, kama ulivyofanya, wote wana hofu, kila mmoja lita 35 kwa dakika. Dakika moja pale chini kushikana na kuelewana: lita 245. Kupanda hadi mita 5 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika: karibu lita 390. Dakika 3 za kusimama: lita 315. Mwisho hadi juu: kama 50. Jumla inagonga 1,000. Kwenye mtungi wa lita 12 hiyo ni baa 83. Wewe ulikaa kimya kwenye 80 na 70, na yeye akakuambia ngoja kwenye 45. Kama mtungi wake ungekuwa nusu siku hiyo, tungekuwa tunaandika uzi mwingine.

Sasa lako. Katika mbizi yoyote, mtu yeyote ana haki ya kuimaliza wakati wowote bila kutoa sababu. Dole gumba juu, basi, tunapanda. Hakuna mwongozaji wa haki anayekuuliza kwa nini. Ile aibu uliyoiona chini ulikuja nayo kutoka nyumbani, kwenye mtungi haikuwemo. Ningefurahi sana wateja wa Kenya wakiiacha huko huko, maana nyinyi ndio wagumu. Mzungu ataniambia "sijisikii vizuri leo" akiwa bado kwenye pikapu. Mkenya atafia kwenye "nimezoea."

---

AtienoWaMajiBaridi

Hilo la dole gumba! Mara yangu ya kwanza niliulizwa kama niko sawa, nikainua dole gumba kwa furaha kama mtu anayejibu picha ya harusi. Nikatolewa juu. Nikapelekwa chini tena, nikaulizwa, nikainua tena. Mara ya tatu mwalimu akanikunja vidole mwenyewe kuwa duara.

---

SistaWodiNne

Samahani kuingilia vicheko. Mimi ni afisa tabibu, zamani nilifanya kazi Pwani, sasa niko huku Nakuru. Nimesoma uzi huu mara mbili na kilichonitoa jasho si geji. Ni basi.

Ndugu JaUsoma, sikukupima kwa hiyo sitasema ulikuwa na ugonjwa gani. Lakini maumivu ya ndani ya kiungo pamoja na ganzi ya vidole, ndani ya saa 24 baada ya mbizi mbili, moja ikiwa imepandwa haraka na kusimama kukakatwa, hayo hayatakiwi kulaliwa. Ukiwa chini, nitrojeni ya hewa unayovuta inayeyuka mwilini zaidi ya kawaida kwa sababu ya mgandamizo. Ukipanda polepole inatoka kwa pumzi. Ukipanda haraka, au mgandamizo ukishuka tena baadaye, inafanya mapovu kama soda iliyofunguliwa. Na mgandamizo hushuka tena baadaye wapi? Watu wote wanajua jibu moja: kwenye ndege. Ushauri wa DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida na angalau saa 18 ukizamia zaidi ya mara moja, kabla ya kuruka.

Sasa ndani ya ndege ya abiria hewa hutunzwa isipungue kiasi kile cha urefu wa mita 2,438 hivi. Tafadhali angalieni barabara yetu. Mombasa ni sifuri. Nairobi imeshapita mita 1,600. Limuru zaidi ya 2,000. Mau Summit zaidi ya 2,400. Ukienda Eldoret kupitia Timboroa ni zaidi ya 2,700. Mwili haujui kama uko kwenye ndege au kwenye basi lenye viti vya kuegemea na muziki wa rumba. Wewe ulitoka majini mchana, jioni ukapanda, alfajiri ukawa juu kuliko abiria wa ndege. Kisha ukateremka hadi Kisumu, mita 1,131, na maumivu yakapungua. Soma mwenyewe.

Ungekuwa na akili ya kuteremka Nakuru na kuja hospitali, hata huku pengine tungekupa dawa ya maumivu na shuka la kujifunika, nasema ukweli. Madaktari wetu wa bara wanaona malaria, ajali na kisukari, mzamiaji hawamtarajii. Kwa hiyo jambo la kwanza ni mgonjwa mwenyewe kutamka: "Nilizamia jana na mtungi." Bila sentensi hiyo hakuna atakayekupa oksijeni safi wala kupiga simu kwa daktari wa mbizi, na ndivyo unavyohitaji, pamoja na kupangiwa chumba cha mgandamizo ikibidi. Nenda ukapimwe mishipa ya fahamu hata sasa. Na usizamie kabla ya daktari kukuruhusu.

---

Nahodha_Mdogo

Sista umenipiga pale pasipo na mfupa.

Ngojeni niseme jinsi tunavyofanya, sisi wote, mimi nikiwemo. Mtalii akimaliza mbizi tunamuuliza: ndege yako ni lini? Ikiwa ni kesho asubuhi tunamkatalia mbizi ya pili. Tuna mpaka bango. Mkenya akimaliza tunamuona anatembea kuelekea stendi na begi, tunamwambia safari njema. Sijawahi, miaka tisa, kumuuliza mtu anarudije Nakuru. Wala treni ya SGR ya kwenda Nairobi sikuwahi kuifikiria, na nimewatakia heri wangapi waliopanda ile ya saa tisa alasiri wakiwa bado na chumvi masikioni.

---

WakiliWaMilimani

Nimeombwa kwenye faragha nitoe neno. Hili si ushauri wa kisheria kwa kesi yoyote, ni mazungumzo ya mtandaoni.

Ile karatasi watu wanaiogopa kuliko inavyostahili, na kampuni zinaitegemea kuliko inavyostahili. Ukitia sahihi kwamba unajua bahari ina hatari, umekubali hatari za bahari: mkondo, samaki wa sumu, sikio kukataa kusawazika. Hukukubali uzembe wa mtu uliyemlipa akuongoze. Hayo ni mambo mawili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma za kiwango kinachofaa, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia kwa madhara yatokanayo na kasoro ya huduma. Karatasi ya kwenye pikapu haiifuti Katiba.

Lakini MzeeKijana naye hajakosea, amesimama mguu mmoja tu. Sura ya 26 ya sheria zetu (Law Reform Act), kifungu cha 4, inasema pale mtu alipoumia kwa kosa lake kiasi na kosa la mwingine kiasi, dai lake halifi, linapunguzwa kulingana na sehemu yake. Mahakama zetu hugawa asilimia kila siku katika kesi za ajali za barabarani. Kwa hiyo swali la "ni nani mwenye kosa" hakimu haliulizi hivyo. Anauliza nani alijua nini, lini, na alikuwa na uwezo wa kufanya nini. Wewe ulijua geji. Yeye alijua kina, njia, idadi ya watu, na alikuwa na nafasi ya kujua cheti chako kwa kunyoosha mkono tu.

Na muda unahesabiwa: dai la uzembe lina miaka 3. Sikuhimizi kushtaki. Nakuhimiza uandike leo ulivyokumbuka, na ukiweza utoe kumbukumbu ya mbizi kwenye ile kompyuta ya mkononi kabla haijafutika.

---

MzeeKijanaMaseno

Nimesimama miguu miwili, wakili. Ila nimesoma ile hesabu ya dakika 22 na hiyo ya basi. Hilo la basi hata mimi nisingelijua, na mwanangu anasoma Mombasa, huwa wanakwenda kuzamia kule kwenye meli ya MV Dania iliyozamishwa. Nimempigia simu sasa hivi. Hajapokea.

---

JaDunga_Boti

Mimi napeleka watu kuona viboko na kisiwa cha Ndere. Mbizi siijui, na ziwa letu si la kuzamia kwa raha, ukiweka mkono ndani huoni kiwiko. Lakini mambo ya mteja na mwenye chombo nayajua.

Mwaka jana nilipakia vijana wa ofisi moja, wamevaa vizuri. Tulipotoka kwenye mafunjo msichana mmoja akavua jaketi la kujiokoa apigwe picha, linaficha gauni. Nikamwambia dada vaa. Akasema dakika moja tu. Nikazima injini. Tukakaa pale tunaelea, upepo wa mchana unaanza kuvuma, mimi natazama ndege. Wenzake wakaanza kumkasirikia yeye badala yangu. Akavaa. Nikawasha.

Sikumshika mkono wala sikumtukana. Jaketi ni la kwake na mwili ni wa kwake, ila injini ni yangu. Huyo mwongozaji wenu alikuwa na injini yake pia: kugeuka na kupanda. Alipoona ngumi kifuani angezima, kasa angelala tu, kasa ana miaka mingi ya kupigwa picha. Lakini pia nawaambia vijana wetu wa Dunga kila siku, siku ukipakia watu kumi na wawili kwa boti ya wanane kwa sababu wamelipa, ujue hiyo injini umeshaiuza, huwezi kuizima tena. Watu sita wasiojuana chini ya mtu mmoja, wengine cheti cha 18, wengine zaidi, wote kwenye 25? Aliuza asubuhi, kabla hamjapanda boti.

---

KifarangaWaKondele

Jaduong' wa Dunga umemaliza. Mimi nilidhani mbizi ni zile za Likoni 2019 tu, wale wanamaji waliotafuta lile gari lililotumbukia kutoka kwenye feri.

---

Nahodha_Mdogo

Ile ilikuwa kazi nyingine kabisa, kaka, na ya huzuni. Gari lilikuwa zaidi ya mita 50 na mkondo wa kivuko juu yake. Mbizi za starehe mwisho wake mita 40, na hiyo ni kwa waliosomea. Nina kijana wa kijijini kwetu aliyekuwa akizamia jongoo bahari kwa mtungi wa kuazima, bila geji, bila kompyuta, anapanda hewa ikiisha. Leo anatembea kwa mkongojo, ana miaka 27. Hakuwa na mwongozaji wa kumlaumu, wala hakuna aliyemfundisha cha kujilaumu.

JaDunga, hilo la kuuza asubuhi nimelibandika kwenye simu.

---

JaUsoma

Nimerudi. Nilikwenda kupimwa kama Sista alivyosema, na nilianza kwa ile sentensi. Daktari aliweka kalamu chini. Akapiga simu mahali, akarudi na maswali mengi kuliko yangu. Nguvu za mkono zimerudi sawa, ganzi imekwisha, lakini nimeambiwa nipumzike na nirudi kabla ya kufikiria maji.

Nimeiandikia ile kampuni barua. Si ya vitisho. Nimeweka aya mbili za makosa yangu kwanza: miezi 14, "nimezoea", mita 25 niliyoiona, baa 70 niliyoificha. Kisha yao: cheti hakikutazamwa, kina hakikutajwa, dakika 40, ngumi iliyojibiwa kwa "ngoja", dakika moja badala ya tatu, na basi ambalo hakuna aliyeuliza. Nimeambatanisha hesabu ya Nahodha. Wamejibu jana, sentensi mbili, wanasema watazungumza na mwongozaji.

Hiyo ndiyo iliyoniudhi tena. Mwongozaji hakujipangia watu sita. Hakuandika ile bei. Nimewajibu kwamba wazungumze na aliyepanga ratiba ya siku ile, yule kijana wawe naye kwenye mazungumzo lakini wasimwachie peke yake. Bado kimya.

---

AtienoWaMajiBaridi

Kwa hiyo umeacha mbizi?

---

JaUsoma

Sijaacha. Daktari akiniruhusu, mpango ni Desemba: kuanza upya kwenye bwawa na mwalimu, halafu mita 12, mbizi ya mwisho Ijumaa saa nne asubuhi, Jumamosi nalala ufukweni kama mtu mwenye pesa, basi Jumapili jioni. Mke wangu amesema ataandika saa ya mbizi ya mwisho kwenye mkono wangu kwa kalamu.

---

Nahodha_Mdogo

Njoo kwangu basi. Ila jua kabisa: kabla ya kugusa mtungi nitakuuliza cheti, mbizi ya mwisho, dawa unazotumia, hewa unayokula kwa dakika, na unarudije nyumbani. Ukijibu "nimezoea" hata mara moja, unabaki kwenye boti na mabaharia mnakula mihogo.

---

JaUsoma

Mihogo ya nazi?

---

Nahodha_Mdogo

Ya kukaanga, na pilipili ya ndimu.

---

KifarangaWaKondele

Mimi niandikeni wa kubaki kwenye boti.